Santuri za Sebuleni: Marafiki, Gitaa Kavu na Nyimbo za Imani

Santuri ya kujitengenezea ni ile inayorekodiwa na watu wasioishi kwa muziki, kwa fedha zao wenyewe, na kufyatuliwa kiwandani kwa idadi ndogo kiasi kwamba wanunuzi karibu wote wanajulikana kwa majina kabla mashine haijawashwa. Tangu katikati ya miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Marekani na Uingereza zilitoa santuri nyingi za namna hiyo, na fungu zima miongoni mwake ni la vijana Wakristo walioimba nyimbo za imani kwa gitaa kavu. Walikuwa wanafunzi wa vyuo, watawa, walimu wa shule ya Jumapili, na mahipi waliookoka juzi. Walirekodi sebuleni, katika vyumba vya chini ya makanisa, katika vikanisa vya shule wakati wa likizo. Nakala zilikuwa 99, au 200, au 500. Wengi wao hawakurekodi tena.

Uchache huo wa nakala haukutokana na mfuko mwembamba peke yake. Ndio ulioamua nyimbo zipi ziingie, nani aimbe, kosa gani livumiliwe na jalada liandikwe nini. Anayemwimbia mtu anayemfahamu hana haja ya kujitambulisha wala kumshawishi, na ndiyo sababu santuri hizi zina sauti ambayo studio za fedha nyingi zimehangaika kuiiga bila kuipata. Aliyenunua nakala alikuwa na kazi moja: kusikia tena jioni aliyokuwapo.

Gitaa kavu ni lile lisilotegemea umeme, linalokuza sauti kwa tumbo lake la mbao. Masikio ya Afrika Mashariki na Kati yanalijua tangu zamani kwa vidole vya Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, Katanga, mji unaoitwa leo Likasi. Mwenda huyohuyo alipanda jukwaa la tamasha la Newport nchini Marekani mwaka 1969, wakati vijana wa huko walikuwa wamezama katika uamsho wa nyimbo za kiasili. Uamsho huo ulipenda kitu kilicho wazi: hadithi ndefu, sauti isiyopambwa, ala ambayo mtu hujifunza kwa mwenzake chumbani. Mikao mitatu ya vidole inatosha kuongoza nyimbo mia. Kinanda cha kanisa kilidai miaka ya mafunzo na jengo la kukihifadhi. Gitaa lilibebwa mgongoni.

Hata hivyo kulipitisha mlango wa kanisa kulichukua muda. Mwaka 1956 padri Mwanglikana Geoffrey Beaumont alitunga misa iliyokuja kuitwa 20th Century Folk Mass, ikazua mabishano makubwa Uingereza, lakini neno la uasilia katika jina lake lisimdanganye mtu: muziki wenyewe ulikuwa na harufu ya bendi za dansi na maonyesho ya jukwaani. Aliyefungua mlango kweli alikuwa mtawa. Jeanine Deckers, Mdominikani wa nyumba ya Fichermont karibu na Waterloo, Ubelgiji, alizoea kuwapigia gitaa vijana waliofika kwa mafungo. Wazo la awali lilikuwa dogo kabisa, kupata santuri chache za kuwapa wageni hao wakiondoka. Kampuni ya Philips ilipomrekodi ikaona biashara ndani yake, na Desemba 1963 wimbo wa “Dominique” ulikuwa nambari moja Marekani, ukiwa umeimbwa kwa Kifaransa mbele ya watu ambao wengi wao hawakuelewa neno. Mapato yaliishia kwa kampuni na kwa utawa. Miaka mingi baadaye, akiwa ameshaondoka utawani, mamlaka ya kodi ya Ubelgiji ilimdai yeye binafsi, na deni hilo lilimwandama hadi kifo chake mwaka 1985. Katika historia hii yake ni simulizi ya onyo: santuri iliyokusudiwa kwa wageni wa mafungo iliwafikia watu wasio na uso, na haikumrudishia mwenyewe chochote.

Philips hiyohiyo ilikuwa na kazi nyingine iliyoandaa masikio ya Ulaya na Marekani. Missa Luba ilirekodiwa mwaka 1958 na Les Troubadours du Roi Baudouin, kwaya ya wavulana na walimu wao kutoka Kamina, Katanga, chini ya padri Mfransiskani Guido Haazen. Sehemu kubwa ya misa ile haikuandikwa kwa noti. Waimbaji waliijenga kwa kuitikiana, kama waimbavyo watu wanaojuana pumzi. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati yake ya liturujia, ukiruhusu lugha za watu na kufungua nafasi kwa muziki wa kila taifa, mifano ilikuwa tayari kwenye rafu za maduka. Mwaka 1966 Ray Repp alikuwa na Mass for Young Americans, na mwaka huohuo masista wa Medical Mission Sisters, shirika lililoanzishwa mwaka 1925 na daktari Anna Dengel kwa ajili ya tiba katika nchi za misheni, walitoa Joy Is Like the Rain, nyimbo za Sista Miriam Therese Winter. Santuri hiyo ilisambaa parokiani kama moto wa nyasi kavu. Kwa vikundi vingi vya marafiki ndiyo iliyokuwa mwalimu: ilionyesha kwamba sauti chache za kawaida na gitaa vinatosha.

Inafaa kukumbuka kwamba miaka hiyohiyo jambo la ukoo mmoja lilikuwa likitokea Makumira, chini ya Mlima Meru, katika chuo cha theolojia cha Kilutheri. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa aliandika “Mfurahini, Haleluya” na kuuvika mahadhi ya Kihaya. Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyefundisha chuoni hapo, alikuwa akikusanya nyimbo za wanafunzi wake, na mkusanyo huo ulizaa kitabu cha Tumshangilie Mungu na baadaye, kwa Kiingereza, Lead Us, Lord. Wimbo wa Kyamanywa umo leo katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, kwa maneno ya Ulrich Leupold ya mwaka 1969. Tofauti ni njia iliyopitiwa. Makumira wimbo ulisafiri kwa karatasi na kwa kwaya, na baadhi ya kwaya za Tanzania zilisikika kupitia studio ya Sauti ya Injili mjini Moshi, ambayo vipindi vyake vilirushwa na mitambo ya Addis Ababa. Marekani na Uingereza, kijana mwenye dola mia kadhaa aliweza kukiendea kiwanda cha santuri mwenyewe.

Mahipi na mikopo

Msukumo mkubwa wa pili ulitoka California. Kuanzia mwaka 1967, vijana waliokuwa wamekimbilia San Francisco kutafuta amani katika bangi na dawa za kulevya walianza kuokoka kwa makundi, na kusini zaidi, Costa Mesa, kanisa la Calvary Chapel chini ya mchungaji Chuck Smith liliwapokea na nywele zao ndefu, miguu yao mitupu na magitaa yao. Jarida la Time liliweka jambo hilo kwenye ukurasa wake wa mbele tarehe 21 Juni 1971. Harakati za Watu wa Yesu, kama zilivyoitwa, hazikuwa na kwaya, maana hazikuwa na mazoezi ya Alhamisi wala majoho. Zilikuwa na nyumba za pamoja ambamo watu kumi au ishirini waligawana chungu na sabuni, na migahawa ya kahawa ya usiku ambamo mtu yeyote aliweza kusimama na kuimba alichokitunga mchana. Nyimbo zilitungwa haraka, zikasahauliwa haraka, na ndipo hamu ya kurekodi ilipozaliwa.

Larry Norman, ambaye santuri yake ya Upon This Rock ilitolewa na Capitol mwaka 1969, aliona kampuni hiyo kubwa haijui imfanyie nini. Alianzisha lebo yake, One Way Records, kwa mkopo kutoka kwa mwimbaji Pat Boone. Chini ya lebo hiyo rafiki yake Randy Stonehill alitoa Born Twice mwaka 1971: upande mmoja umerekodiwa mbele ya watu, upande wa pili studioni, gharama yote dola 800. Stonehill mwenyewe amewahi kutania kwamba kila senti ya fedha hizo inasikika. Mwaka huohuo Calvary Chapel ilikusanya vikundi vyake kwenye santuri moja, The Everlastin' Living Jesus Music Concert, na kutoka hapo ikazaliwa Maranatha! Music, iliyokua kuwa kampuni kamili. Chini ya ngazi hiyo, mbali na majarida, walikuwapo mamia ya watu waliosikia santuri hizo na kusema: hata sisi.

Namna ya kurekodi

Mashine iliyowawezesha ilikuwa tepu ya magurudumu mawili. Revox A77 ya Uswisi, iliyotoka mwaka 1967, ilibebeka na mtu mmoja, na ubora wake haukuwa mbali na wa studio za redio. Mara nyingi haikununuliwa. Iliazimwa chuoni, au kwa mtu wa kanisa aliyekuwa fundi wa redio, na kuazimwa huko kulipanga ratiba nzima, kwani albamu ililazimika kumalizika kabla ya Jumatatu. Ilikuwa na njia mbili tu, ya kushoto na ya kulia. Maana yake kila mtu aliimba na kupiga wakati uleule, na hakuna aliyeweza kupunguzwa wala kuongezwa baadaye. Mizani ya sauti iliwekwa kwa miguu: mwenye sauti nene arudi nyuma hatua mbili, mwenye filimbi ageukie dirisha, mwenye tari akae mlangoni au, ikiwezekana, ukumbini.

Mkanda nao ulikuwa ghali. Gurudumu la kawaida la futi 1,200 lilidumu dakika 32 kwa kasi ya sentimita 19 kwa sekunde, na dakika 16 tu kwa kasi ya maradufu, ambayo ndiyo iliyotoa sauti safi. Basi jaribio lililoharibika lilifutwa kwa kurekodi juu yake. Ndiyo maana nyingi ya santuri hizi hazina mabaki, wala matoleo mbadala yanayosubiri mtafiti kabatini. Kilichobaki ni jaribio la tatu au la nne, lile lililofanyika kabla sauti hazijachoka na baada ya woga kuisha. Ikiwa mistari miwili ilikuwa mibovu katika jaribio zuri, mwenye mkono mtulivu aliukata mkanda kwa wembe na kuunganisha kwa utepe maalumu wenye gundi. Msikilizaji makini huisikia hiyo mishono: gitaa hupanda au kushuka nukta moja ghafla, kwa kuwa nyuzi zilikuwa zimelegea kati ya jaribio na jaribio.

Chumba ndicho kilichokuwa ala ya mwisho. Sebule yenye zulia na mapazia hukausha sauti, na maneno husikika kila moja. Kikanisa cha mawe huzipa sauti tatu ukubwa wa sauti kumi, lakini hula konsonanti, na wimbo wenye beti nyingi hugeuka ukungu. Watu wenye uzoefu mdogo walipenda kikanisa kwa sababu kiliwasitiri. Wenye masikio walining'iniza mablanketi. Jokofu lilizimwa, na mwenye nyumba akakumbushwa kuliwasha tena. Saa ya ukutani ilitolewa nje. Kurekodi kulifanyika usiku, magari yakipungua, na ndiyo sababu sauti za waimbaji hawa ni za chini, karibu na mnong'ono: watoto walikuwa wamelala ghorofa ya juu. Wachambuzi wa baadaye waliita upole huo mtindo. Kwa sehemu kubwa ulikuwa adabu kwa majirani.

Maikrofoni ikielekezwa kwenye tundu la gitaa, besi huvimba na kuzima kila kitu. Mahali pazuri ni pale shingo inapokutana na tumbo, umbali wa sentimita 20 hadi 30, na maarifa hayo madogo yalipitishwa mdomo kwa mdomo kama dawa ya kienyeji. Sauti ya p ilipuliza pumzi kwenye maikrofoni, na ilitibiwa kwa soksi ya nailoni iliyokazwa kwenye waya au kwa kuimba kwa upande. Herufi s ilikuwa msiba mkubwa zaidi, kwa kuwa sindano inayopita kwenye mfereji wa santuri hushindwa kuufuata mlio mkali ulio karibu, na msamiati wa Kikristo wa Kiingereza umejaa herufi hiyo, kuanzia jina la Yesu lenyewe. Kwenye santuri nyingi za kujitengenezea jina hilo ndilo linalokwaruza.

Mpangilio wa nyimbo nao ulitii fizikia. Santuri ya inchi 12 huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika na hubeba takriban dakika 22 kila upande bila kudhoofika. Kadiri sindano inavyokaribia katikati, mzunguko mmoja unakuwa mfupi, mawimbi yanabanana, na milio ya juu inafifia au kupasuka. Kwa hiyo wimbo wa matari na sauti zote huanza upande, na wimbo wa mtu mmoja na gitaa lake hufunga. Mtu anayesikiliza huamini kwamba marafiki hao walitaka kumaliza kwa sala tulivu. Pengine walitaka, ila fundi wa kiwandani angewashauri hivyohivyo.

Ndani ya kundi palikuwa na mizani nyingine ngumu zaidi. Mwenye sauti bora aimbe nyimbo ngapi? Rafiki asiyejua kuimba lakini aliyetunga maneno mazuri aachwe nje? Katika bendi ya kulipwa swali hilo lina jibu la haraka. Katika kundi la maombi linalokutana kila Jumatano halina, na santuri nyingi zinaonyesha jinsi lilivyotatuliwa: kila mtu anapata angalau wimbo mmoja, hata yule mwenye sauti inayoyumba. Hapo ndipo mgeni anayesikiliza kwa mara ya kwanza hukereka, na ndipo mwenyeji alipotabasamu. Palikuwa pia na hofu ya kiroho, kwamba makofi na majina kwenye jalada ni majivuno. Baadhi ya makundi yalitatua hilo kwa kuandika majina ya kwanza tu, jambo ambalo limewatesa watafiti hadi leo.

Nyimbo, senti na majalada

Mchanganyiko wa kawaida ulikuwa nyimbo sita au saba za kutunga wenyewe, tenzi mbili za zamani zilizovikwa vidole vya gitaa, na wimbo mmoja au mbili za watungaji mashuhuri wa wakati huo. Tenzi hazikuwa na tatizo. Isaac Watts aliandika mwanzoni mwa karne ya 18 na John Newton alichapisha tenzi zake za Olney mwaka 1779, hivyo hakuna aliyedai. Sydney Carter wa Uingereza, aliyeandika “Lord of the Dance” mwaka 1963 juu ya mahadhi ya dhehebu la Washaker wa Marekani, alirekodiwa na makundi mengi kuliko inavyoweza kuhesabiwa. Kwa nyimbo kama zake, sheria ya Marekani ya mwaka 1909 ilimruhusu yeyote kurekodi wimbo uliokwisha kutolewa mradi alipe senti mbili kwa kila wimbo katika kila nakala, kiwango ambacho hakikubadilika hadi mwaka 1978. Hesabu ni rahisi: santuri 500 zenye nyimbo mbili za watu ni dola 20. Ugumu ulikuwa kujua zilipwe kwa nani, na makundi mengi hayakujaribu.

Wachapishaji walianza kukasirika, ingawa hasira yao iliangukia karatasi zaidi kuliko santuri. Parokia zilikuwa zikichapa vitabu vyao vya nyimbo kwa stensili. Kampuni ya F.E.L. ya Dennis Fitzpatrick, iliyochapisha nyimbo za Ray Repp na wengine, iliishtaki Jimbo Kuu la Chicago mwaka 1976, na mvutano huo uliendelea mahakamani kwa zaidi ya miaka kumi.

Baada ya mkanda kukamilika, kilichofuata kilikuwa nje ya uwezo wa marafiki. Kiwandani mkanda huchongwa kwenye sahani laini ya laka, sahani hupakwa nikeli kwa umeme, na kutokana na nikeli hiyo hupatikana mhuri unaofinyanga plastiki ya moto. Gharama za kuchonga na kupaka hulipwa zote kabla ya nakala ya kwanza kutoka, kwa hiyo nakala 100 hugharimu karibu sawa na 300. Marekani palikuwa na viwanda vilivyoishi kwa wateja hawa hasa. Rite ya Cincinnati, Ohio, ilifyatua santuri za injili na za muziki wa milimani kwa yeyote aliyetuma mkanda na hundi, na Century ya California ilikuwa na mtandao wa mawakala waliozunguka na mitambo yao kurekodi kwaya na bendi za shule.

Uingereza, kodi ndiyo iliyoweka idadi. Kodi ya ununuzi haikutozwa kwa santuri zilizofyatuliwa chini ya 100, kwa hiyo nakala 99 ikawa namba ya kawaida kwa makundi madogo, hadi kodi ya ongezeko la thamani iliposhika nafasi Aprili 1973. Hakuna aliyepanga kutengeneza kitu adimu.

Jalada ndipo fedha zilipoishia. Viwanda vilikuwa na majalada ya akiba yenye picha tayari, machweo, ziwa, mikono iliyofumbatana, na kundi lilichapa jina lake juu ya nafasi iliyoachwa wazi. Wengine walinunua majalada meupe na kubandika karatasi, au wakapiga chapa kwa kitambaa cha hariri kwenye meza ya chakula, kila nakala na doa lake. Nyuma palijazwa maandishi: shukrani kwa wazazi, kwa aliyeazima gari, kwa aliyepika supu, aya ya Zaburi, na ushuhuda mfupi. Mtu akitaka kujua jinsi kundi la maombi la mwaka 1974 lilivyoendeshwa, nyuma ya jalada ni hati bora kuliko kumbukumbu za vikao.

Mauzo yalifanyika mlangoni baada ya ibada, kambini, na katika matamasha kama Greenbelt, lililofanyika kwa mara ya kwanza Agosti 1974 kwenye shamba la Charsfield, Suffolk, mbele ya watu kama 2,000. Bei ilikuwa jambo la dhamiri, na Keith Green wa California ndiye aliyelisukuma hadi mwisho wake. Alikuwa tayari mwimbaji mwenye mkataba, lakini mwaka 1979 alijitoa, akaweka nyumba yake rehani kugharimia So You Wanna Go Back to Egypt, na kuitoa kwa kiasi chochote ambacho mtu angeweza kulipa. Hadi Mei 1982 zaidi ya nakala 200,000 zilikuwa zimetumwa, na takriban 61,000 kati yake kwa bure. Miezi miwili baadaye alikufa katika ajali ya ndege Texas. Albamu yake si ya sebuleni kwa namna yoyote, kwani hata Bob Dylan amepuliza kinanda cha mdomo katika wimbo mmoja, ila ni maadili ya sebuleni yaliyopewa anwani ya taifa zima.

Mfano ulio kamili zaidi uko Scotland. Kundi la Caedmon lilianza mwaka 1973 miongoni mwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Jina lao lilitoka kwa Bede, aliyemaliza historia yake ya kanisa la Uingereza mwaka 731 na kusimulia habari za mchungaji wa mifugo katika abasia ya Whitby. Kila kinubi kilipopitishwa mezani ili kila mtu aimbe kwa zamu, Caedmon aliondoka kwa aibu kabla hakijamfikia. Usiku mmoja, zizini, akaamriwa ndotoni aimbe uumbaji, akaimba. Wanafunzi wa Edinburgh walipiga gitaa, selo na vinanda, wakaimba mahadhi ya Kiskoti na ya Kiayalandi pamoja na yao wenyewe, kwa miaka mitano. Mwaka 1978, walipojua kwamba kazi na ndoa zinawatawanya, walirekodi albamu moja iwe kumbukumbu. Nakala zilikuwa 500, nazo ziliuzwa kwa marafiki na mashabiki katika onyesho la kuagana.

Kanda za kaseti zilibadilisha hesabu zote. Mwaka 1979 TEAC ilitoa Portastudio 144, mashine iliyorekodi njia nne kwenye kaseti ya kawaida, na tangu hapo rafiki mmoja aliweza kuimba peke yake sauti zilizokuwa zikihitaji wanne. Kaseti haikuwa na laka wala nikeli. Nakala kumi zilitengenezwa kwa bei ya kumi. Santuri ya sebuleni ikafa taratibu, na pamoja nayo ile lazima ya kusimama chumba kimoja na kupumua pamoja.

Walioifufua ni wakusanyaji, wengi wao wasio na haja na imani. Kuanzia miaka ya 1980 walianza kuzipata santuri hizi katika maduka ya mitumba na mauzo ya kanisa, wakavutiwa na sauti zake za kando, wakazibandika jina la foku ya njozi, na bei zikapanda hadi mamia ya pauni. Ken Scott aliziorodhesha katika kitabu chake cha The Archivist, kimojawapo cha vichache vilivyozipima pia kama kazi za ibada. Soko linapenda kile ambacho wenyewe wangekirekebisha kama wangekuwa na mkanda wa kutosha: sauti inayoyumba, kiti kinacholia, mwangwi wa kikanisa. Matoleo mapya yalipoandaliwa, mara nyingi mkanda wa asili ulikuwa umepotea au umerekodiwa juu yake mahubiri, hivyo nakala iliyotumika ni santuri ya mtu, pamoja na mikwaruzo ya sindano yake.

Albamu ya Caedmon nayo ilipitia njia hiyo, ikatolewa upya kwenye diski katika miaka ya 1990 na kusikilizwa na watu waliozaliwa baada ya lile onyesho la kuagana. Habari ziliwafikia wenyewe, wakiwa na nywele nyeupe na kazi nyingine. Walikutana tena baada ya miaka 30, na mwaka 2010 wakatoa albamu ya pili, A Chicken to Hug.